Mashine hutuhesabu upesi, lakini swali huulizwa kwa lugha gani?

Mwaka 2029, Mwenyezi Mungu akitujalia uhai, Wakenya watahesabiwa tena. Tangu 1969 taifa letu limekuwa likijihesabu kila baada ya miaka kumi, na kila mara usiku ule ule wa kuamkia tarehe 25 Agosti ndio uliochukuliwa kuwa kipimo: uliyelala hapa usiku huo, utahesabiwa hapa. Hesabu ya 2019 ilikuwa ya kwanza kufanywa pasipo karatasi. Makarani zaidi ya 130,000 walitumwa vijijini na mitaani wakiwa wamebeba vile vijitarakilishi vya kushika mkononi, vingi vyavyo vikiwa vimeunganishwa papa hapa nchini na vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta.

Sina nia ya kuwanyima walioandaa shughuli hiyo sifa wanazostahili. Fomu za karatasi za mwaka 2009 zilikusanywa, zikasafirishwa, zikapitishwa katika mashine za kusoma maandishi, na matokeo yakatangazwa tarehe 31 Agosti 2010, mwaka mzima baada ya watu kuhesabiwa. Mnamo 2019, majibu yalipelekwa kwa mtandao wa simu hadi makao makuu, na tarehe 4 Novemba mwaka huo huo tukaambiwa kwamba tu watu 47,564,296, katika kaya zaidi ya milioni 12. Miezi miwili na siku chache tu! Aidha, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwahesabu watu wenye jinsia mbili, nao wakapatikana kuwa 1,524. Hayo si mambo ya kupuuzwa.

Hata hivyo, ninapowasikia wakubwa wakitaja hesabu ya 2019, husikia wakisifu kasi yake zaidi ya kitu kingine. Nao wataalamu wa kompyuta, kila wanapozungumza juu ya 2029, hutaja mashine bora zaidi, picha za setilaiti zilizo wazi zaidi, na pengine wananchi kujijazia fomu wenyewe kwenye simu zao. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni lugha. Kwa hivyo naomba kuuliza jambo ambalo katika mijadala hiyo halitajwi sana: swali lenyewe huulizwa kwa lugha gani, na anayeulizwa husikia nini?

Tuanzie mbali kidogo. Kompyuta na hesabu ya watu ni ndugu wa tumbo moja. Nchini Marekani, hesabu ya mwaka 1880 ilichukua kiasi cha miaka minane kuchanganuliwa kwa mkono, na ikahofiwa kwamba ile ya 1890 ingechukua muda mrefu hata ikutane na ya 1900. Hapo ndipo Herman Hollerith, mhandisi aliyezaliwa Buffalo mwaka 1860, alipobuni kadi za kutobolewa matundu. Tundu mahali fulani lilimaanisha mume, mahali pengine mke. Tundu hapa mjane, pale kapera. Mashine yake ya umeme ilizihesabu kadi hizo, na jumla ya watu ikajulikana katika muda wa miezi. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na kufikia 1924 muungano huo ukawa unaitwa IBM, jina ambalo halihitaji kuelezwa. Vilevile, kompyuta ya UNIVAC iliyopokelewa mwaka 1951 ilinunuliwa na afisi ya sensa ya nchi hiyo hiyo.

Katika kisa hicho mna funzo ambalo husahaulika upesi. Kadi ya Hollerith haikuweza kupokea maelezo. Ilipokea tundu tu. Kabla ya tundu kutobolewa, sharti mtu awe ameamua kwamba wanadamu wote wanaingia katika visanduku hivi na si vile, na kwamba neno alilolitamka mwenye nyumba ni sawa na kisanduku fulani. Vijitarakilishi vya leo vina akili nyingi kuliko kadi zile. Vinaweza kumkataza karani kuandika kwamba mama wa miaka kumi na mmoja ana watoto watano. Vinaweza kuruka maswali ya uzazi mbele ya mwanamume. Vinaweza kuonyesha mahali karani aliposimama, hivi kwamba hawezi kuketi chini ya mti akabuni watu wa kijiji kizima. Lakini uamuzi ule wa kwanza, wa kugeuza maneno ya mtu kuwa alama, bado unafanywa na karani mlangoni, kwa sekunde chache, kwa lugha yoyote iliyopo baina yake na mwenyeji. Mashine haina habari na uamuzi huo. Hupokea alama, ikaiona ni halali, ikaituma.

Kuna zoezi ambalo huwapa wanafunzi wangu. Huchukua maswali kumi ya namna yanayoulizwa katika hesabu za watu, yakiwa kwa Kiingereza, kisha humtaka mwanafunzi mmoja ayageuze papo hapo kwa lugha ya kwao, kana kwamba amesimama mbele ya nyanya yake. Mwanafunzi mwingine wa lugha hiyo, ambaye hajayaona maswali ya awali, huyarejesha kwa Kiingereza. Tunachokipata mwishoni hutuchekesha, kisha hututia wasiwasi.

Chukua neno la msingi kabisa, lile ambalo Kiswahili sanifu hulitafsiri kama 'kaya'. Wataalamu wa takwimu wana maana yao: watu wanaoishi pamoja, wanaopika na kula pamoja, na wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu. Lakini kwa Mmijikenda wa Kilifi au Kwale, kaya ni msitu mtakatifu wenye maskani ya mababu, yale ambayo baadhi yake UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa Mjaluo, 'dala' ni boma zima lenye nyumba za wake kadha na vibanda vya wavulana waliobaleghe, ilhali 'ot' ni nyumba moja. Kwa Mmaasai, 'enkang' ni boma na 'enkaji' ni nyumba. Karani akiuliza juu ya dala, huenda kaya tatu zikaingia katika fomu kama kaya moja. Akiuliza juu ya ot, kijana anayelala kando lakini anayekula kwa mamake huenda akawa kaya ya peke yake. Nalo neno 'mwenye nyumba', ambalo vijana wengi hulikimbilia wanapotafuta mkuu wa kaya, mjini Nairobi au Mombasa lina maana ya yule anayekuja kudai kodi mwisho wa mwezi!

Chukua tena neno 'kazi'. Swali la kitaalamu huuliza mtu alifanya nini katika siku saba zilizopita, na kulima shamba la nyumbani ni mojawapo ya majibu. Lakini muulize mama wa Vihiga au Makueni kwa Kiswahili chetu cha kila siku, "Mama, unafanya kazi?" Atakujibu, "Sina kazi, mwanangu, mimi niko nyumbani tu." Atakujibu hivyo jembe likiwa mkononi, baada ya kukama ng'ombe, kuchota maji na kuuza mboga sokoni. Hadanganyi hata kidogo. Katika Kiswahili cha Kenya, 'kazi' imekuwa na maana ya kuajiriwa na kulipwa mshahara. Karani mwerevu atamdadisi zaidi. Karani aliyechoka, mwenye nyumba arobaini zaidi za kuzuru, atabonyeza kisanduku cha wasio na kazi na kwenda zake. Kisha wapangaji wa uchumi watajadili tarakimu hiyo bungeni kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Au chukua neno 'mtoto'. Mwanamke huulizwa amezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, wangapi wako naye, wangapi wanaishi kwingine, na wangapi wamefariki. Katika lugha zetu nyingi, mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na kumwita vinginevyo ni utovu wa adabu. Kwa upande mwingine, mtoto aliyefariki akiwa mchanga hatajwi ovyo mbele ya mgeni, na ziko jamii ambazo tangu jadi ni mwiko kwao kuwahesabu watoto kwa idadi. Mwenye kuuliza swali hilo anahitaji maneno yaliyopimwa, yenye heshima na uangalifu, wala si maneno yaliyookotwa mlangoni.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo yanayowashughulisha wanaisimu, na kwamba katika watu milioni 47 makosa ya namna hiyo hufutana yenyewe. Hayafutani. Kosa la bahati nasibu hufutana. Kosa la lugha huelekea upande mmoja, kwa kuwa neno lililopotoka humpotosha kila anayelisikia kwa namna ile ile.

Tazama mfano wa walemavu. Hesabu ya 2009 ilipata watu wapatao milioni 1.3 wenye ulemavu, yaani asilimia 3.5 ya Wakenya wote. Ile ya 2019 ilipata watu 918,270, ambao ni asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Je, katika miaka hiyo kumi vipofu wetu waliona na viwete wetu wakatembea? La hasha. Kilichobadilika ni swali. Wigo wa umri wa wanaoulizwa ulipunguzwa, na badala ya kuuliza kama mtu ni mlemavu, ilifuatwa njia inayopendekezwa kimataifa ya kuuliza kama mtu ana ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na ugumu huo ni wa kiasi gani. Njia hiyo ni nzuri kwa sababu neno 'mlemavu' lina aibu ndani yake, na wengi hulikataa. Lakini nguvu yake yote iko katika maneno ya vipimo: ugumu kidogo, ugumu mwingi, kutoweza kabisa. Nani ametuonyesha jinsi vipimo hivyo vitatu vinavyotamkwa kwa Kiturkana, kwa Kipokomo au kwa Kikuria? Karani akisema 'shida', je, mzee wa miaka themanini atakubali kwamba ana shida ya kutembea, au atasema kwamba hana shida, ni uzee tu? Fedha za kuwasaidia watu hawa hupangwa kwa kufuata tarakimu hizo.

Tazama pia mfano ulio karibu na lugha ya gazeti hili. Hesabu ya 2009 ilipata Waswahili zaidi ya 110,000 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikapata zaidi kidogo ya 56,000. Jamii haipungui kwa nusu katika miaka kumi ya amani. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa anapoulizwa kabila, anaweza kusema kwamba yeye ni Mswahili, au Mmvita, au Mwarabu, au Mkenya tu. Mtu wa Lamu anaweza kusema Mwamu au Mbajuni. Kila moja kati ya majibu hayo ni kweli. Iliyobaki ni kazi ya orodha iliyomo mashinani na ya kidole cha karani, ambaye pengine alizaliwa bara na hajui kwamba Mmvita ni Mswahili. Almuradi, kabila zima linaweza kukua au kunywea kwa sababu ya mpangilio wa maneno katika kioo.

Hapa nafikia lile linaloniuma zaidi. Hesabu ya 2019 iliuliza kama mtu ana simu ya mkononi, na ikapata kwamba asilimia 47.3 ya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa nayo. Iliuliza juu ya intaneti, ikapata asilimia 22.6. Iliuliza juu ya kompyuta, ikapata asilimia 10.4. Iliuliza hata kama mtu hununua bidhaa kwa mtandao. Haikumuuliza hata Mkenya mmoja huzungumza lugha gani nyumbani kwake.

Tuliulizwa kabila, ni kweli, lakini kabila si lugha. Waelmolo wa Ziwa Turkana wanahesabiwa kama jamii, ilhali lugha yao ya asili imekwisha kumezwa na Kisamburu. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo wanahesabiwa, ilhali walihamia Kimaa. Wasuba wengi sasa husema Dholuo. Kwa upande mwingine, mamilioni ya watoto wa mijini wanaoandikwa chini ya makabila ya wazazi wao hawawezi kusalimu kwa lugha za makabila hayo. Wao husema Kiswahili, au Sheng, au mchanganyiko wa hivi vyote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na kwamba Serikali italinda na kukuza lugha za watu wa Kenya pamoja na lugha ya ishara. Utalindaje kitu usichojua kipo wapi wala kimebaki kwa nani? Sera ya elimu imeelekeza kwa miaka mingi, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Ni mwalimu mkuu yupi, katika mji wa mchanganyiko kama Nakuru au Isiolo, anayeweza kuitaja lugha hiyo kwa ushahidi?

Najua wako watakaosema kwamba maswali haya yote hayana uzito mbele ya ugomvi mkubwa wa hesabu za watu, ambao ni ugomvi wa fedha na viti vya bunge. Ugomvi huo naujua. Idadi ya watu ni kigezo katika kugawa mapato kwa kaunti 47 na katika kuchora mipaka ya maeneo-bunge 290. Kwa hivyo kila jamii hutamani kuwa nyingi. Mwaka 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Bw Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, za Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, kwa hoja kwamba ongezeko lake lilipita kiasi kinachoweza kuelezwa kwa uzazi. Mambo yakaishia mahakamani. Tukasema: dawa ni mashine. Mashine zikaja mwaka 2019, na matokeo ya kaskazini-mashariki yakapingwa tena, safari hii viongozi wakilalamika kwamba watu wao ni wachache mno. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikabatilisha matokeo ya sehemu za Mandera, Wajir na Garissa, na kuagiza hesabu irudiwe huko.

Kwa hivyo, hesabu ya karatasi ilifikishwa mahakamani, na ya kompyuta nayo ikafikishwa mahakamani. Mashine inaweza kuzuia karani asibuni watu, lakini haiwezi kuzaa imani. Afrika Kusini, ambayo ina vifaa na wataalamu wengi kutuliko, ilitumia njia za kisasa katika sensa yake ya 2022, ikiwemo ya watu kujijazia fomu kwenye intaneti. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba watu wapatao asilimia 31 hawakufikiwa, na idadi ikabidi irekebishwe kwa mbinu za kitakwimu. Wengi walifunga milango au hawakufikiwa kabisa. Mlango uliofungwa haufunguliwi na kijitarakilishi.

Nalo suala la kuaminiana lina upande wake wa lugha. Mwezi wa Aprili na Mei 2019, miezi michache kabla ya kuhesabiwa, Wakenya walipanga foleni ili kusajiliwa kwa ajili ya Huduma Namba. Agosti wakaja watu wengine wa Serikali wenye mashine, wakiuliza majina, umri na kabila. Katika vinywa vya watu wengi mambo hayo mawili yaliitwa kwa neno moja: 'kuandikwa'. Kumbe ni mambo tofauti kabisa. Anayesajiliwa anatambuliwa yeye binafsi, na habari zake zitamfuata. Anayehesabiwa anapaswa kupotea katika jumla. Sheria ya takwimu ya 2006 inakataza habari za mtu mmoja mmoja kufichuliwa. Sheria ya kulinda data yenyewe ilitiwa saini mnamo Novemba 2019, hesabu ikiwa imekwisha. Tofauti baina ya 'kuhesabiwa' na 'kusajiliwa' ingefaa kuelezwa redioni kwa kila lugha hadi ikazoeleka kama methali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliwatolea Wanyarwanda vitambulisho vilivyotaja kabila, na mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo viliamua nani afe kizuizini barabarani. Mwenye kuogopa kutaja kabila lake mbele ya mashine si mjinga. Ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, jibu lake linakwenda wapi.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi mpya.

Kwanza, maswali yote ya 2029 yatiwe mashinani yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha nyingine za Kenya, kuanzia zile zenye wasemaji wengi na zile za maeneo ambako Kiswahili hakijaenea. Tafsiri hizo zifanywe mapema, zirejeshwe kwa Kiingereza na watu wengine, zilinganishwe, kisha zijaribiwe vijijini. Pasipo na wasomaji, sauti iliyorekodiwa itumike. Kifaa kinachoweza kucheza muziki hakishindwi kusoma swali kwa Kirendile. Hapa ndipo kompyuta inapoipita karatasi kwa mbali. Fomu ya karatasi yenye lugha ishirini ingekuwa mzigo wa punda, lakini ndani ya mashine lugha ishirini hazina uzito wowote.

Pili, mashine iandike ni lugha ipi iliyotumika katika kila mahojiano. Ni kisanduku kimoja tu. Lakini wachanganuzi wakikuta kwamba waliohojiwa kwa lugha fulani walijibu swali la kazi au la ulemavu kwa namna ya ajabu, watajua mahali pa kutazama. Leo hawana njia ya kujua.

Tatu, liwepo swali la lugha, nalo liwe na sehemu mbili: ni lugha ipi uliyoianza utotoni, na ni ipi inayozungumzwa zaidi hapa nyumbani. Baadhi ya watu watahofia kwamba swali hilo litachochea ukabila. Nawajibu kwamba tumekwisha kuuliza kabila kwa miongo mingi. Majirani zetu Watanzania, ambao hawajauliza kabila katika sensa zao tangu ile ya 1967, wanaweza kujadili hofu hiyo wakiwa na haki ya kuijadili. Sisi hatuwezi kuuliza lenye moto kisha tukaogopa lenye manufaa. Isitoshe, swali la lugha lingetuonyesha jambo ambalo swali la kabila hulificha: ni Wakenya wangapi, wa makabila yote, wanaoishi nyumbani mwao kwa Kiswahili.

Nne, istilahi zitungwe pamoja na wenye lugha, na kwa wakati. Watanzania walipokwenda katika sensa yao ya Agosti 2022, iliyopata watu 61,741,120, waliviita vifaa vyao 'vishikwambi', na neno hilo likaenea kwa karani, kwa mtangazaji na kwa mwananchi, na hata kwa walimu waliogawiwa vifaa hivyo baadaye. Wengine hapa kwetu hulicheka. Mimi nalipenda, kwa sababu shughuli ya taifa ilifanywa kwa lugha ya taifa, na neno lilipohitajika likapatikana. Idara za lugha za vyuo vikuu vyetu zimejaa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti. Waombwe, watafanya.

Gharama je? Hesabu ya 2019 iligharimu takriban shilingi bilioni 18. Sehemu ndogo mno ya fedha hizo ingewalipa wafasiri wa lugha thelathini, wahariri wao, na siku kadha za mafunzo zaidi kwa makarani. Ni ajabu kununua mashine zaidi ya 100,000 za kubeba majibu, kisha kubania kile kinachozaa majibu hayo.

Wakati uliobaki si mwingi kama unavyodhaniwa. Kabla ya hesabu ya 2019 kulifanywa ya majaribio mwaka 2018, na mambo yakifuata desturi hiyo, maswali ya 2029 yatakuwa yamekamilika kufikia 2028. Likishafungwa jedwali la maswali, hakuna mwanaisimu wala mbunge atakayelifungua tena kwa miaka kumi. Nawaomba wahusika wa takwimu wayatoe maswali yao hadharani mapema, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili Chama cha Kiswahili cha Taifa, vyuo vikuu, watangazaji wa redio za lugha zetu na wazee wa vijiji wayasome, wayatamke kwa sauti, na waseme yanasikikaje. Mama yule wa Makueni naye aulizwe alifanya nini wiki iliyopita kwa maneno yatakayomfanya alitaje shamba lake.